Likizo ya Kwenda Kuwa Mtu

Sheria ya kazi ya Ufaransa inampa mwajiriwa wiki 5 za likizo yenye malipo kila mwaka. Wiki ya tano iliongezwa mwaka 1982, serikali ya François Mitterrand ikiwa bado mbichi, na picha iliyokuwa vichwani mwa watu wakati ule ilikuwa ya familia ya mfanyakazi wa kiwandani imetandika taulo ufukweni, haina la kufanya ila kuota jua. Sidhani kama kuna mbunge aliyewaza kwamba iko siku wiki hizo zitaliwa na vikao vya harusi, magunia ya mchele na ng'ombe wa kuchinja katika miji midogo ya Ngazija, kisiwa cha Komoro.

Ndiko zinakoishia. Kuanzia mwisho wa Juni, shule za Ufaransa zikikaribia kufungwa, Wakomoro wa Marseille, Paris na Lyon huanza kumiminika Hahaya, uwanja wa ndege ulioko kilomita kama 20 kaskazini mwa Moroni. Visiwani wamepachikwa jina la Kifaransa, "je viens", yaani "naja", na jina hilo limebeba heshima, husuda, mzaha na matarajio kwa pamoja. Kwa miezi miwili magari ya kukodi huadimika, bei ya kuku na samaki hupanda, umeme uliokuwa ukisuasua huzidi kusuasua, na ni nadra usiku kupita bila twarab kusikika kutoka kiwanja fulani. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaijua miezi hiyo kuwa ya kipupwe, wakati wa kusi na ubaridi wa asubuhi. Mwenye likizo anaiita kiangazi, maana kalenda anayoifuata ameibeba kutoka alikotoka.

Mgeni akiwaona atasema hawa wamekuja kupumzika. Atakuwa hajakaa nao. Hakuna anayechoka Julai na Agosti kama Mngazija aliye likizoni. Ile miezi mingine ya mwaka ya kuamka alfajiri kwenda kufagia ofisi, kulinda maghala, kupika katika majiko ya hoteli au kutunza wazee wa watu, hiyo ni riziki tu. Kazi hasa, ile atakayopimwa kwayo mpaka siku ya kuzikwa, inamsubiri nyumbani.

Kazi hiyo ni anda, au ada kama tungetamka sisi: harusi kuu ya Ngazija. Ukisikia harusi usifikirie vijana wawili waliokutana chuoni. Anda ni ngazi. Kila mji una marika yake, na mwanamume hupanda rika kwa rika kwa kuwalisha wenzake na kutoa mchele, nyama na fedha kwa utaratibu uliowekwa na waliomtangulia. Kilele chake ni harusi ya hadhara na binti wa mji, ikiwezekana binti wa kwanza wa nyumba yao. Aliyemaliza ni mdru mdzima, na msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo. Ambaye hajamaliza ni mnamdji, mtoto wa mji, hata kama ana miaka 60, hata kama ni daktari bingwa au amewahi kushika uwaziri. Kwenye bangwe, ule uwanja wenye mabaraza ya mawe ambako mambo ya mji hukatwa, atakaa nyuma na kusubiri wakubwa wazungumze, na hao wakubwa huenda baadhi yao ni wadogo zake kwa umri. Ijumaa utawajua waliomaliza kwa joho na mharuma mabegani. Naye atakuwa na kanzu yake safi, basi.

Kwa hiyo bwana harusi wa Agosti mara nyingi ana mvi. Ameshaoa zamani kwa ndoa ndogo ya kawaida, ana watoto wanaosoma vyuo vya Ufaransa, na miaka 20 yote hiyo amekuwa akiwekeza kidogokidogo kwa ajili ya siku moja atakayovishwa joho na kutembezwa mjini kwa dufu na nyimbo hadi nyumbani kwa mke. Wakati mwingine mke huyo ni mama watoto wake, ambaye naye leo ndiyo anakuwa bibi harusi kamili mbele ya mji. Wakati mwingine siye, ni mwingine aliyechaguliwa na wazee kijijini, na hapo maneno huwa mengi katika nyumba ya Marseille.

Nimesema nyumbani kwa mke, na sikukosea. Ngazija mwanamke hahami, anayehamia ni mwanamume. Nyumba ni ya bibi harusi, na ardhi ya ukoo, wanayoiita manyahuli, hupita upande wa mama kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa binti. Mtafiti Mfaransa Sophie Blanchy, aliyeishughulikia jamii hii kwa miaka mingi, alikipa kitabu chake cha mwaka 2010 jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa "Nyumba za wanawake, miji ya wanaume", na sijaona aliyeisema Ngazija kwa maneno machache zaidi. Matokeo yake ni kwamba baba, mjomba na kaka wote wana deni la kumjengea binti, na ujenzi huanza angali mtoto. Ndiyo zile nyumba za ghorofa unazoziona kutoka Moroni hadi Mitsamiouli, chini wameshahamia, juu nondo zinachungulia angani. Kila likizo huongeza chumba, au ngazi, au paa. Mwenye nyumba akiulizwa itakamilika lini hukutajia harusi, si mwaka.

Sasa tuje kwenye hesabu. Mshahara wa chini kabisa wa Ufaransa humwachia mfanyakazi takriban yuro 1,400 mkononi kwa mwezi. Tiketi ya Moroni wakati wa msimu hupita yuro 1,000 kwa urahisi, na hiyo ni ya mtu mmoja. Mke na watoto watatu wakiongezeka, akiba ya mwaka imekwisha kabla sanduku halijapimwa. Na sanduku lenyewe lina watu wake: simu ya mpwa, dawa za bibi, manukato, viatu, vitambaa. Anda huhesabiwa kwa makumi ya maelfu ya yuro, kati ya dhahabu, ng'ombe, mchele, mavazi, malipo ya marika na waimbaji. Dhahabu ya bibi harusi huonyeshwa hadharani, na kuna kina mama pale wanaoipima gramu kwa macho, hawahitaji mizani. Wala mwenye likizo hawezi kujificha nyuma ya ugumu wa kubadilisha fedha. Faranga ya Komoro imefungwa kwa yuro, faranga 492 kasoro kidogo kwa yuro moja, tangu sarafu hiyo ilipoanza mwaka 1999. Hata mtoto wa darasa la tatu anaweza kuupigia hesabu mfuko wa mjomba wake.

Fedha hizo mtu mmoja hazipati peke yake. Jumamosi na Jumapili za Marseille zimejaa majlis na shughuli: ukumbi umekodiwa, kina mama wamevaa leso za sare moja, pilau imepakuliwa, na msemaji anasoma majina na kiasi alichotoa kila mtu. Kuna upatu wa wanawake, kuna vyama vya kila mji, na kuna daftari. Msomaji wa Dar es Salaam ataona anayafahamu haya, kwani naye kabatini ana kadi za michango ya harusi za watu ambao hata hawakumbuki. Lakini tofauti ipo. Dar ukishachanga na kula ubwabwa mmemalizana. Kwa Wangazija kilichotolewa kimeandikwa, na kitarudi kwa kiasi kilekile au zaidi siku ya harusi ya mtoaji, au ya mwanawe. Kuna watu wanaochanga leo kulipa ng'ombe aliyechinjwa kabla hawajazaliwa.

Ng'ombe wenyewe wana safari yao, na inatuhusu. Ngazija ni kisiwa cha mawe ya volkano ya Karthala, mvua ikinyesha maji huzama, mito hakuna, wala malisho hayatoshi kwa msimu wa harusi. Wengi wa ng'ombe hao wameingizwa kwa meli kutoka Tanzania na Madagaska. Mwaka 2003 na 2004 kisiwa kilipatwa na mlipuko wa ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao wafugaji wetu wanaujua vizuri na ambao kule haukuwa umezoeleka, na wataalamu wa mifugo waliufuatilia hadi kwenye ng'ombe walioletwa kutoka Tanzania. Kariakoo nayo ina sehemu yake. Wafanyabiashara wa Kingazija huja Dar kuchukua vyombo, nguo, samani na vitambaa, wakarudi navyo kabla ya Juni. Shangwe ya Moroni, kwa kiasi fulani, imefungwa kwenye mabunda ya Mtaa wa Kongo.

Wala kwenda ughaibuni ili urudi ukafanye anda hakukuanzia Marseille. Kabla ya Marseille palikuwa na Unguja. Tangu karne ya 19 Wangazija walihamia mji wa Zanzibar kuwa makarani, mabaharia, walimu na masheikh. Sayyid Ahmed bin Sumeit, aliyezaliwa Itsandra mwaka 1861, alikuja kuwa kadhi mkubwa wa Zanzibar hadi alipofariki mwaka 1925, na wanafunzi wa wanafunzi wake bado wanasomesha misikitini kwetu. Lakini kwa kila mwanachuoni mmoja palikuwa na vibarua na wapishi wengi waliokuwa wakijiwekea akiba ya kurudi kwao kuoa. Walingoja kaskazi ili jahazi literemke kusini, wakamaliza shughuli zao, kisha kusi likawarudisha Unguja. Wengine walikwenda Majunga, Madagaska. Safari ya kurudi ilipangwa na upepo, na leo inapangwa na wizara ya elimu ya Ufaransa inapotangaza tarehe ya kufunga shule. Kwa hiyo wanaosema je viens ameharibu mila wamechelewa kidogo. Mila hii kwa muda mrefu imekuwa ikilipiwa na mtu aliyeko mbali.

Marseille iliingia taratibu. Meli za Ufaransa zilizokuwa zikipita Bahari ya Hindi ziliajiri mabaharia wa Kikomoro, na mabaharia wakapanga vyumba karibu na bandari. Uhuru ulipopatikana tarehe 6 Julai 1975, visiwa vitatu vikienda zao na Maore ikibaki na Ufaransa, milango mingine ilikuwa ikifungwa. Zanzibar haikuwa tena kimbilio baada ya mapinduzi ya 1964. Desemba 1976 Wakomoro wa Majunga waliuawa kwa mamia, na waliosalia wakarudishwa nyumbani kwa ndege za kampuni ya Kibelgiji ya Sabena. Mpaka leo Moroni wanaitwa Wasabena. Ikabaki Ufaransa. Sasa makumi ya maelfu ya Wakomoro wanaishi Marseille, na wapo wanaouita mji huo mji mkuu wa pili wa Komoro bila kutania sana.

Ukitaka kuelewa kwa nini mtu atoe akiba ya miaka 20 kwa ajili ya wiki chache, uanze na maisha yake ya huko. Mitaa ya kaskazini ya Marseille ni majengo marefu, lifti mbovu, mabasi yasiyofika kwa wakati. Tarehe 21 Februari 1995 kijana wa miaka 17, Ibrahim Ali, wazazi wake Wakomoro, alipigwa risasi mgongoni usiku akikimbilia basi baada ya mazoezi ya muziki, na waliompiga walikuwa wakibandika mabango ya chama cha siasa kali za kulia, Front National. Barabara ile imepewa jina lake, lakini hilo lilifanyika mwaka 2021. Mtu anayeishi katika mji wa namna hiyo, ambako kazini anajulikana kwa jina la kwanza tu tena limetamkwa vibaya, anajua kwamba kuna baraza moja la mawe duniani ambako akitokea watu watainuka. Mimi simshangai akilipa.

Waliojaribu kuikomesha anda walishindwa. Aliyejaribu kwa nguvu zaidi alikuwa Ali Soilih, rais wa kimapinduzi aliyetawala kuanzia Januari 1976. Aliipiga marufuku kama ufujaji, akawapa vijana mamlaka juu ya wazee, akachoma kumbukumbu za serikali. Tarehe 13 Mei 1978 mamluki wa Mfaransa Bob Denard walimpindua, kabla mwezi haujaisha akawa ameuawa, na harusi zikarudi. Hata Ramadhani imeweza tu kuisukuma. Kati ya 2011 na 2015, mfungo ulipokuwa unaangukia miezi ya likizo, shughuli zilibanwa katika wiki chache zilizobaki, mji mmoja ukiwa na harusi juu ya harusi, na mgeni aliyealikwa kote akila pilau tatu kwa siku kwa adabu tu.

Wachumi hupenda kuuliza: je, fedha hizi zingejenga nini? Benki ya Dunia hukadiria fedha zinazotumwa nyumbani na Wakomoro walioko nje kuwa karibu moja ya tano ya pato la taifa, uwiano ambao nchi chache za Afrika zinaufikia. Vanila, karafuu na mlangilangi kwa pamoja haziukaribii. Ukiondoa harusi, wanasema, utapata hospitali. Sina hakika. Hospitali ilikuwa kazi ya serikali, na serikali haijazuiwa na bibi harusi yeyote. Isitoshe, miji mingi ya Ngazija imejipangia kwamba sehemu ya malipo ya anda iingie katika mfuko wa mji, na humo ndimo zilimotoka shule, misikiti, zahanati, matangi ya maji na vipande vya barabara vilivyojengwa na vyama vya Marseille bila kusubiri Moroni. Mtu hutuma fedha mahali anapotaka kuhesabiwa. Ukimwambia heshima ya bangwe imefutwa, usitegemee kwamba mwezi ujao atatuma zilezile kwa ajili ya bomba la maji. Huenda akanunua gari huko huko Marseille.

Hasara kubwa naiona kwingine, kwa aliyebaki. Mwalimu wa sekondari wa Foumbouni hana cha kushindana na mlinzi wa ghala wa Marseille. Mshahara wake wa faranga huja kwa kuchelewa. Alikuwa wa kwanza darasani, mwenziwe alifeli na kuondoka, na leo mwenziwe anakaa mbele naye nyuma. Kila Agosti ataulizwa kwa upole na shangazi zake, "Na wewe lini, baba?" Hakuna jibu la maana isipokuwa kuondoka. Msimu ukiisha, vijana kadhaa wa kila mji huwa wameshaamua. Likizo ya mmoja ndiyo matangazo ya kuhama kwa mwingine, na hakuna wakala wa safari anayeweza kulipia matangazo mazuri kuliko hayo.

Aliyebaki analipa pia sokoni. Volovolo, soko kubwa la Moroni, halina bei mbili, moja ya mwenye yuro na nyingine ya mwenye faranga. Samaki akipanda amepanda kwa wote. Muuza samaki anafurahi, teksi inafurahi, fundi wa nguo halali. Mama asiye na mtu Ufaransa anapunguza mboga.

Safari yenyewe nayo imewagharimu zaidi ya fedha. Kwa miaka mingi njia ya bei nafuu kutoka Ufaransa ilipita Sanaa, Yemen, kwa ndege za Yemenia. Abiria walizoea kusafiri kutoka Paris au Marseille kwa ndege nzuri, kisha Sanaa wakahamishiwa kwenye nyingine kuukuu, watu wamesongamana, mikanda mibovu. Walilalamika, wakaunda hata kikundi cha kupiga kelele. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 2009, msimu ndio kwanza unafunguliwa, Airbus A310 iliyotoka Sanaa ilianguka baharini ikikaribia kutua Hahaya. Ilikuwa na watu 153. Familia nzima nzima zilikuwa zinakwenda kwenye harusi. Aliyeokoka ni mmoja, Bahia Bakari, msichana wa miaka 12 kutoka viunga vya Paris, aliyesafiri na mama yake kwenda kuwaona ndugu. Hakujua kuogelea vizuri. Aling'ang'ania kipande cha ndege usiku kucha hadi meli ilipomkuta. Mama yake alikufa.

Ndege ile ilikuwa imekaguliwa Ufaransa mwaka 2007, ikakutwa na kasoro, na tangu hapo haikurudi kutua huko. Iliendelea kuwabeba Wakomoro. Marseille iliandamana, maduka ya Wakomoro yakafungwa, na wazee wanaosema taratibu siku zote walisikika wakipaza sauti. Ilichukua miaka 13 kesi kusikilizwa. Bahia alitoa ushahidi Paris Mei 2022, na Septemba mwaka huo mahakama ikaitia kampuni hatiani kwa kusababisha vifo bila kukusudia. Siku hizi wengi hupita Addis Ababa, Nairobi, Dar es Salaam au Réunion. Lakini kila inapofika mwisho wa Juni kisomo cha marehemu husomwa, halafu kesho yake watu wanakwenda uwanjani kupokea wageni.

Kuna Wakomoro wengine ambao kiangazi hakiwahusu kabisa, nao wako karibu zaidi. Kutoka Nzuwani mpaka Maore ni kilomita 70 tu. Tangu Januari 1995, Ufaransa ilipoweka viza, jamaa wa kisiwa kimoja wanakwenda kwa jamaa zao wa kisiwa cha pili kwa mashua ndogo za usiku ziitwazo kwasakwasa, na wengi wamezama. Anayefika bila karatasi ataishi huko miaka 10, miaka 15, akiona milima ya kwao siku za hewa safi, asithubutu kwenda hata kumzika mama. Akitoka, kurudi ni bahari tena. Kwa hiyo aliye mbali kilomita 8,000 anarudi kila baada ya mwaka au miwili akiwa na masanduku, na aliye ng'ambo ya mlango wa bahari harudi. Karatasi zinapima umbali kuliko ramani.

Tuwageukie watoto, kwa sababu wao ndio watakaoamua haya yote yataendelea mpaka lini. Mtoto aliyezaliwa Marseille hushuka Hahaya akiwa na simu mkononi na Kingazija cha kuokoteza. Wiki ya kwanza anaugua tumbo, ya pili anacheza mpira na binamu zake mchana kutwa, ya tatu bibi yake anamfundisha kusema "kwezi" kwa wakubwa na kungoja waitikie "mbona". Akiulizwa Marseille yeye ni nani, atasema Mkomoro bila kusita. Akiwa Ngazija binamu zake wanamwita mzungu. Amezoea.

Kizazi hicho kimeshawapa wazazi wao fahari ambayo anda haikuwa imeitarajia. Soprano, mwanamuziki aliyezaliwa Marseille mwaka 1979, anajaza viwanja vya Ufaransa na hajawahi kuficha asili yake. Timu ya taifa iliyofuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Mataifa ya Afrika ilijaa vijana waliozaliwa Ufaransa, na kocha wake wa wakati huo, Amir Abdou, ni mzaliwa wa Marseille. Januari 2022 huko Cameroon waliifunga Ghana 3 kwa 2 na kuitoa mashindanoni. Kisha wakawavaa wenyeji, makipa wote wakiwa hawapatikani kwa majeraha na Korona, wakamweka beki Chaker Alhadhur golini, wakacheza karibu mchezo mzima pungufu, na bado Youssouf M'Changama wa Marseille akafunga kwa mpira wa adhabu uliosifiwa dunia nzima. Walifungwa 2 kwa 1. Moroni ilishangilia kama imeshinda, na hakuna aliyeuliza nani kati ya wale ameshafanya anda.

Kwa wasichana suala ni zito zaidi. Mama aliyesafisha ofisi miaka 25 amemjengea binti yake wa kwanza nyumba Iconi: vyumba vitano, vigae vilivyokuja kwa kontena kutoka Marseille, sebule yenye makochi ambayo bado yamefunikwa nailoni. Binti ni muuguzi, ana miaka 29, na mchumba wake ni Mualgeria. Anampenda bibi yake, anapenda kwenda Agosti, anapenda kuvaa leso na kupakwa msindanu wa urembo usoni. Ila hataki kuolewa na mtu wa mjini kwao ili mama yake apande daraja, na zile fedha za dhahabu angezitaka ziwe malipo ya mwanzo ya nyumba ya vyumba viwili huko Aubagne, jirani na Marseille. Mazungumzo haya yanafanyika katika nyumba nyingi sasa. Hayafanyiki kwenye majlis, yanafanyika jikoni, watu wakiosha vyombo. Baadhi ya kina mama wamekubali harusi mbili: moja ya Marseille kwa moyo wa binti, nyingine ya Ngazija kwa ajili ya mji, na bwana harusi wa Kialgeria akajikuta amevaa joho asiloelewa maana yake. Wengine wameihamishia anda kwa mdogo mtu. Na wengine wamebaki na nyumba ya vyumba vitano ambayo imejengwa juu ya manyahuli, hivyo haiwezi kuuzwa, haiwezi kupewa mtoto wa kiume, na shangazi mwenye ufunguo anaifungua mara moja kwa mwezi kupisha hewa.